Ruta Mbili, Njia Moja

Mei 2024 ulikuwa mwezi mgumu kwa mawasiliano ya kusini mwa Tanzania. Tarehe 4 kimbunga Hidaya kilifika pwani, na mvua zake zikaikata barabara ya Dar es Salaam–Lindi–Mtwara wilayani Kilwa, eneo la Somanga likiwa miongoni mwa yaliyoumia zaidi. Malori na mabasi yakalala njiani pande zote mbili. Aliyelazimika kutoka Masasi kwenda Dar es Salaam alibaki na njia ya Tunduru, Songea na Makambako, ambayo ni ndefu zaidi lakini ni ya lami. Siku nane baadaye, Jumapili tarehe 12, intaneti nayo ikadorora nchi nzima. Kebo mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikuwa zimekatika katika bahari ya kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. NetBlocks, shirika linalofuatilia hali ya intaneti duniani, liliitaja Tanzania miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi.

Barabara na kebo ziliuliza maswali yaleyale. Njia kuu ikifa, nani anajua kwamba imekufa? Nani anashika nafasi yake, na baada ya muda gani? Dereva wa lori aliambiwa na wenzake kwa simu, akageuza gari au akasubiri. Kompyuta haina mwenzake wa kumpigia. Inategemea itifaki, yaani kanuni ambazo vifaa vya mtandao hufuata vinapozungumza, na kwa ruta zinazopokezana kazi itifaki inayojulikana zaidi ni VRRP, pamoja na HSRP iliyoitangulia.

Itifaki hizi hufanya kazi ndogo kwa ustadi mkubwa. Ubaya ni kwamba ofisi nyingi zikishazifunga huamini zimepata kinga dhidi ya kila aina ya kukatika. Tofauti kati ya kile zinachofanya na kile kinachodhaniwa ndiyo inayoamua kama mji wa Newala, juu ya uwanda wa Makonde, utakuwa hewani siku ya mnada wa korosho.

Na siku ya mnada si jambo dogo. Korosho ndiyo inayobeba uchumi wa uwanda wa Makonde na nchi iliyo chini yake hadi Masasi. Tangu 2007 zao hilo limekuwa likiuzwa kwa stakabadhi ghalani: mkulima hupeleka mzigo kwenye chama cha msingi, AMCOS, mzigo ukaingia ghala kuu, na vyama vikuu vya ushirika vikasimamia mauzo. TANECU inashughulika na Newala na Tandahimba, MAMCU na Masasi, Mtwara na Nanyumbu. Kwa miaka mingi wanunuzi waliandika bei zao kwenye karatasi, zikatiwa sandukuni, kisha zikafunguliwa mbele ya wakulima. Msimu wa 2024/25 minada ilihamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Mnunuzi sasa anaweza kuweka bei akiwa mbali kabisa na ghala, na wakulima wakasubiri matokeo yatokee kwenye mfumo ndipo waamue kuuza au kukataa.

Halmashauri nazo zimefungwa kwenye waya huohuo. Malipo ya Serikali yanapitia GePG, mfumo ulioanza 2017, ambao bila namba yake ya kumbukumbu hakuna ushuru wala ada inayopokelewa. Zabuni zinapitia NeST. Zahanati na hospitali hutuma madai ya bima kwa mtandao. Zamani intaneti ilipokatika Newala, watu walikosa barua pepe. Leo dirisha la malipo linafungwa na foleni inabaki palepale.

Ili kuona VRRP inaingia wapi, ni vizuri kuanza na kompyuta ya karani. Kompyuta hiyo haijui ramani ya dunia. Inapounganishwa na mtandao wa ofisi hupewa anwani moja ya lango, kwa mfano 192.168.10.1, na kuambiwa kwamba chochote kisicho cha ndani ya ofisi kipelekwe hapo. Lango hilo ni ruta. Ruta ikizimika, kompyuta itaendelea kupeleka pakiti zake kwenye anwani ileile, kwa utii kamili, na pakiti zitapotea moja baada ya nyingine. Hata kama ofisi ina ruta ya pili iliyo hai, imeunganishwa na kampuni nyingine, imekaa juu ya meza hiyohiyo, kompyuta haitaigusa, kwa sababu haikuambiwa kwamba ipo.

Jaribio la mapema la kutibu kasoro hiyo lilitoka 1991, katika waraka wa RFC 1256. Wazo lilikuwa ruta zijitangaze zenyewe kwa kompyuta, na kompyuta zichague. Lilikuwa wazo la busara, lakini muda wa kawaida wa kuamini tangazo moja ulikuwa dakika 30. Ruta ikifa mara tu baada ya kujitangaza, kompyuta zingeweza kukaa nusu saa zikiielekea. Tena kila kompyuta ilihitaji programu ya kusikiliza matangazo hayo, na nyingi hazikuwa nayo.

Wahandisi wa kampuni ya Cisco wakageuza swali. Badala ya kuifundisha kompyuta kuhama lango, kwa nini lango lenyewe lisihame kutoka ruta moja kwenda nyingine bila kompyuta kujua? Waliombea hataza ubunifu huo mwaka 1994, na Machi 1998 maelezo ya HSRP yakachapishwa kama RFC 2281. Mwezi uliofuata, Aprili 1998, ikatoka VRRP katika RFC 2338, kiwango cha wazi kilichokusudiwa kutumika na vifaa vya kampuni yoyote. Kukazuka ubishi. Cisco ilishikilia kwamba hataza yake inaigusa VRRP pia, na wajenzi wa mfumo huria wa OpenBSD, wasiotaka msimbo wao ufungwe na hataza ya mtu, wakaandika itifaki yao wenyewe, CARP, waliyoitoa rasmi katika toleo la 3.5 la mwaka 2004. Walipokosa kupewa namba ya itifaki, wakatumia 112, namba ya VRRP. Hadi leo fundi anayeweka CARP na VRRP katika mtandao mmoja bila uangalifu hukuta zikigongana.

VRRP ndiyo iliyoenea. Toleo la tatu lilichapishwa 2010 katika RFC 5798, likahudumia IPv4 na IPv6 kwa pamoja, na Aprili 2024 likafanyiwa marekebisho katika RFC 9568. Ipo ndani ya vifaa vya bei ya chini kama vya MikroTik ya Latvia, ambavyo mafundi wengi Afrika Mashariki wanavifahamu kama viganja vya mikono yao. Kwa hiyo ofisi ya chama cha msingi haihitaji bajeti ya benki ili kuipata.

Tuifuate sekunde kwa sekunde katika ofisi ya mfano. Kuna ruta mbili kwenye swichi moja. Ya kwanza ina anwani yake halisi, 192.168.10.2, na imepewa kipaumbele cha 200. Ya pili ni 192.168.10.3, yenye kipaumbele cha 100. Kompyuta zote hazijui lolote kati ya haya. Zinaijua 192.168.10.1 tu, anwani isiyo ya kifaa chochote. Ni ya kundi, na kila mara iko mikononi mwa ruta moja. Pamoja nayo kuna anwani ya MAC ya kundi: kwa kundi namba 1 ni 00-00-5E-00-01-01. Ruta iliyo kazini ndiyo inayoitikia anwani hizo zote mbili.

Kila baada ya sekunde moja ruta iliyo kazini hutuma tangazo fupi kwenye anwani 224.0.0.18: nipo, hiki ni kipaumbele changu. Ruta ya akiba haijibu. Inasikiliza na kuhesabu. Sasa umeme wa ruta ya kwanza umekatika. Tangazo la kwanza halikuja, la pili halikuja, la tatu halikuja. Kanuni inaitaka ruta ya akiba ingoje mara tatu ya muda wa tangazo, kisha iongeze kipande kidogo kinachokokotolewa kwa kutoa kipaumbele chake kutoka 256 na kugawanya kwa 256. Kwa kipaumbele cha 100, kipande hicho ni sekunde 0.61. Jumla ni sekunde 3.61 tangu tangazo la mwisho. Kipande hicho cha nyongeza kina kazi ya maana: zikiwapo ruta tatu au nne za akiba, yenye kipaumbele kikubwa humaliza kuhesabu kwanza, ikashika nafasi kabla nyingine hazijainuka.

Ruta ya akiba sasa inajitangaza, na papo hapo inatuma ujumbe wa ARP ambao hakuna aliyeuomba, ikisema kwamba 192.168.10.1 inapatikana kwenye anwani ileile ya MAC. Ujumbe huu ni kwa ajili ya swichi zaidi kuliko kompyuta. Swichi hukumbuka kila anwani ya MAC iko nyuma ya tundu lipi. Kabla ya kupata ujumbe huo ingeendelea kupeleka pakiti kwenye tundu la ruta iliyokufa. Baada ya kuupata inarekebisha kumbukumbu yake na pakiti zinaanza kupita upande wa pili. Karani ameona ukurasa umesita kidogo, basi.

Fundi akiizima ruta kwa makusudi, mambo huenda haraka zaidi. Ruta inayoondoka hutuma tangazo la mwisho lenye kipaumbele 0, maana yake inajiuzulu, na mwenzake hangoji zile sekunde tatu. Katika HSRP muda wa kawaida ni mrefu kidogo: salamu kila sekunde 3, na kifo kutangazwa baada ya 10. Panapotakiwa kasi kubwa, itifaki nyingine iitwayo BFD, ya mwaka 2010, hutumiwa kugundua kifo cha jirani ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Kwa ofisi ya Newala sekunde nne zinatosha kabisa, na fundi anayepunguza muda huo mpaka chini ya sekunde moja kwenye laini dhaifu anajitafutia taabu: matangazo mawili matatu yakichelewa tu, ruta ya akiba itadhani mwenzake amekufa.

Hapo ndipo sifa ya VRRP inapoishia. Imegundua kifo cha kifaa kilicho mita mbili kutoka kwa karani. Lakini vifo vya mitandao ya kusini havitokei kwa kawaida mita mbili kutoka kwa karani.

Fiba nyingi nchini zimefukiwa kando ya barabara, na matinga ya ujenzi hupita hapohapo. Barabara ya Mnivata–Tandahimba–Newala–Masasi, kilomita 160, imekuwa katika ujenzi wa lami kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, pamoja na daraja la Mwiti. Ni mradi uliosubiriwa kwa miaka mingi na watu wa uwandani, na kila mradi wa aina hiyo unadai uangalifu mkubwa kwa nyaya zilizo ardhini. Chukulia fiba imekatwa kilomita 30 kutoka ofisini. Ruta ya kwanza bado ina umeme. Taa zake zinawaka. Waya wake kwenda kwenye kisanduku cha fiba ukutani haujaguswa. Kwa hiyo inaendelea kutangaza kila sekunde kwamba ipo, na ruta ya akiba, yenye laini nzima ya simu, inaendelea kunyamaza kama ilivyoagizwa. Ofisi yote haina intaneti, na VRRP inaona kila kitu ni shwari.

Hii ni kasoro inayowakuta watu wengi. Dawa yake ni kufuatilia njia yenyewe, si kifaa tu. Hatua ya kwanza ni kuiambia ruta ishushe kipaumbele chake iwapo tundu la nje limezimika, tuseme kutoka 200 hadi 50, ili ile ya 100 ipande. Lakini tundu la nje laweza kubaki hai wakati njia imekufa mbele zaidi, kama katika mfano huu, kwa hiyo inafaa ruta itume pakiti za kujaribu kwenye anwani ya mbali, na ishushe kipaumbele inapokosa majibu. Anwani za kujaribia zisiwe moja. Mafundi wengi huweka 8.8.8.8 ya Google peke yake, na siku njia ya kwenda Google ikiyumba, ofisi nzima inahamia laini ya akiba ingawa TMX na GePG zilikuwa zinapatikana vizuri. Busara ni kujaribu angalau anwani mbili, moja ikiwa ndani ya nchi, kwa sababu mifumo inayohitajika zaidi na halmashauri iko ndani ya nchi.

Umeme unaleta fumbo lake. Masasi na Newala zimehudumiwa kwa muda mrefu na laini ndefu za kilovolti 33 zinazokatiza mashamba na mapori, na mkorosho mmoja kuangukia waya unatosha. Umeme hukatika, ukarudi dakika moja, ukakatika tena. Katika VRRP, ruta yenye kipaumbele kikubwa hurudishiwa kazi yake mara tu inapofufuka. Ndivyo ilivyowekwa tangu kiwandani. Katika HSRP ni kinyume: iliyoshika inaendelea kushika mpaka fundi aamue vingine. Fikiria sasa ruta kuu inawaka baada ya umeme kurudi. Sehemu ya VRRP inaamka ndani ya sekunde chache na kudai nafasi yake, wakati kifaa cha fiba bado kinajitayarisha na njia ya nje haijafunguka. Ofisi iliyokuwa inafanya kazi vizuri kwa laini ya akiba inatolewa hapo na kupelekwa kwenye lango lisilo na njia. Umeme ukirudia kukatika mara tano katika saa moja, karani anahamishwa mara kumi.

Dawa ni mstari mmoja wa usanidi: ruta kuu ingoje dakika mbili au tatu baada ya kuwaka kabla ya kudai nafasi, au isidai kabisa na kuacha fundi airudishe jioni. Katika mji wenye umeme wa namna hii, la pili ndilo salama zaidi. Kuna sababu chache sana za kukimbilia kurudi kwenye laini kuu wakati mnada unaendelea vizuri kwenye laini ya akiba.

Kuna hali nyingine mbaya zaidi, ingawa haitokei mara nyingi. Swichi ikikataa kupitisha matangazo ya kundi, au waya unaounganisha swichi mbili ukichomoka, ruta ya akiba haisikii kitu. Inajitangaza kuwa kiongozi, na ile ya kwanza nayo bado ni kiongozi. Zinadai anwani moja kwa pamoja, na swichi inabadilisha kumbukumbu yake kila sekunde. Mtumiaji anaona intaneti inayoruka: ukurasa mmoja unafunguka, unaofuata unakwama. Fundi asiyejua anaweza kupoteza siku nzima akiilaumu kampuni ya simu.

Halafu liko suala ambalo wauzaji wa vifaa hawalitaji. VRRP huhamisha anwani ya lango. Haihamishi mazungumzo yaliyokuwa yakiendelea. Ofisi inapohama kutoka fiba ya kampuni moja kwenda laini ya simu ya nyingine, dunia ya nje inaiona kwa anwani mpya ya IP. Tovuti ya kawaida haitajali. Mfumo wa benki, au wa mnada, unaweza kuona mtu yuleyule ametokea ghafla mahali pengine na kumtaka aingie upya kwa nywila na namba ya siri inayotumwa kwa simu. Sekunde 3.61 za itifaki zinageuka dakika mbili za mwanadamu. OpenBSD ilijaribu kutatua sehemu moja ya tatizo hili kwa kuambatanisha CARP na pfsync, inayonakili orodha ya mawasiliano yaliyo wazi kutoka mashine moja kwenda nyingine, lakini hiyo husaidia pale ambapo anwani ya nje inabaki ileile. Kwa mnunuzi au msimamizi wa mnada, jambo la kujiandaa nalo ni kuingia upya, na simu inayopokea namba hiyo iwe na chaji na mtandao.

Gharama nazo zina la kusema. Laini ya akiba inayolala mwaka mzima inauma kwenye mahesabu ya chama cha msingi. Cisco ilitengeneza GLBP ili ruta mbili zifanye kazi pamoja, na kwa VRRP fundi anaweza kuunda makundi mawili, nusu ya kompyuta zikitumia lango la kwanza na nusu la pili, kila ruta ikiwa akiba ya mwenzake. Hesabu yake inavutia hadi laini ya pili iwe ya bando. Siku fiba inakatika, kompyuta ishirini zinaanza kupakua masasisho ya Windows kwenye bando la simu, na kabla ya saa sita mchana limekwisha. Ruta ya akiba inahitaji orodha ya vinavyoruhusiwa: mnada, malipo, barua pepe. Video zisubiri.

Yote hayo yanawezekana kwa fundi mmoja mwenye siku mbili. Ugumu halisi uko kwenye swali ambalo hakuna itifaki inayoweza kulijibu: je, njia hizo mbili ni mbili kweli?

Ruta mbili kwenye UPS moja ni ruta moja. Fiba ya kampuni ya kwanza na mnara wa kampuni ya pili zinaonekana kuwa tofauti, mpaka iulizwe mnara huo unapeleka data yake wapi. Minara mingi huunganishwa na dunia kwa fiba hiyohiyo iliyo kando ya barabara, na kampuni za simu hukodi uwezo kwenye Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano unaosimamiwa na TTCL. Mkongo wenyewe ulijengwa kwa mizunguko, wa kaskazini, wa kusini na wa magharibi, kusudi waya ukikatika upande mmoja data izunguke upande wa pili. Lakini mzunguko humsaidia aliye juu ya mzunguko. Mji ulio kwenye tawi lenye waya mmoja haupati faida hiyo hadi tawi nalo lipate mguu wa pili. Uwanda wa Makonde una bahati ya umbile: ukingo wake uko juu, na mnara uliosimama Newala unaweza kurushiana redio na nchi ya chini bila kizuizi, hadi pande za Masasi. Kiungo cha redio cha namna hiyo hakijali tinga wala mafuriko. Mvua kubwa hukidhoofisha kwenye masafa ya juu, ila ukungu wa Newala, mzito ulivyo, haukisumbui sana. Kwa mtu anayechagua akiba ya fiba, redio inayoondoka uwandani kwa upande usio wa barabara ina thamani zaidi kuliko fiba ya pili iliyofukiwa kwenye mtaro uleule.

Bahari ilionyesha somo hilo kwa kipimo kikubwa. Februari 2024, meli ya mizigo Rubymar ilishambuliwa na Wahouthi ikaachwa na mabaharia wake, na nanga yake ikahusishwa na kukatika kwa kebo kadhaa katika Bahari ya Shamu, Seacom ikiwa mojawapo. Kwa hiyo njia ya Seacom ya kaskazini, kuelekea Misri na Ulaya, ilikuwa imejeruhiwa miezi miwili na nusu kabla. Watumiaji wengi wa Tanzania hawakuona tofauti, kwa sababu data ilikuwa ikizunguka kusini. Ilipofika Mei 12 na njia ya kusini ikakatika, Seacom haikuwa na kaskazini ya kukimbilia. Kenya nayo iliumia, lakini ilikuwa na kebo nyingine zisizopita kwenye mkato huo, kama TEAMS, inayotoka Mombasa hadi Fujairah katika Falme za Kiarabu tangu 2009.

Itifaki hazikushindwa siku hiyo. BGP, inayopanga njia kati ya mitandao mikubwa ya dunia, ilifanya kazi yake: ndani ya dakika chache njia zilizokufa ziliondolewa na zilizobaki zikachukuliwa. Ila itifaki huchagua barabara, haiipanui. Data ya nchi ilisukumwa kwenye upenyo mdogo uliobaki, na watu wakakaa na intaneti inayotambaa hadi meli ya matengenezo ilipofanya kazi yake, jambo lililochukua zaidi ya wiki mbili. Wakati huohuo vilivyokuwa ndani ya nchi, vikibadilishana data kwenye TIX, kituo cha Dar es Salaam kilichopo tangu 2004, vilikuwa na nafuu. Kila mfumo wa umma unaohifadhiwa nchini ni mfumo ambao Newala haihitaji bahari ili kuufikia, na hilo lina uzito mkubwa kuliko ruta ya tatu au ya nne.

Tukio la Rubymar linafanana na kosa linaloonekana katika makabati mengi ya ofisi. Akiba imekufa, na hakuna aliyejua, kwa sababu ile kuu ilikuwa hai. Laini ya simu haikulipiwa tangu Juni. Mtu alichomoa waya wa ruta ya pili akachaji simu. Nywila ya kampuni ilibadilishwa kwenye ruta moja tu. VRRP haitalalamika juu ya lolote kati ya hayo, kwa sababu ruta iliyo kazini haingoji jibu lolote kutoka kwa ile ya akiba. Ndiyo maana akiba inahitaji kuangaliwa kwa ukali kuliko ile iliyo kazini, ambayo watumiaji wenyewe wataisemea ikikwama.

Kuangalia huko hakuhitaji mtambo. Kwanza, chomoa umeme wa ruta kuu wakati kompyuta moja inatuma pakiti mfululizo, na uhesabu ngapi zimepotea: zikitumwa moja kila sekunde na zilizopotea zikizidi sita au saba, swichi haijapata ujumbe wa ARP au matangazo yanazuiwa. Pili, rudisha umeme, kisha chomoa fiba nyuma ya kifaa cha kampuni badala ya waya wa ruta, ili taa za ruta zibaki zinawaka. Hapo itajulikana kama kipaumbele kinashuka. Tatu, zima na uwashe ruta kuu mara tatu ndani ya dakika kumi, uone kama ofisi inayumbishwa. Nne, ukiwa kwenye laini ya akiba, ingia TMX na GePG na ukamilishe shughuli moja hadi mwisho, kwa sababu kuona ukurasa wa mwanzo hakuthibitishi kwamba malipo yatapita. Kisha andika kwenye daftari tarehe, muda uliopita na jina la aliyefanya. Zoezi zima linachukua asubuhi moja, na mahali pake kwenye kalenda ya Masasi na Newala ni Septemba, wakati maghala yanafagiliwa na minada ya Oktoba bado haijatangazwa.